Mgeni wa Skrini Tatu

Saa tatu usiku, mjini Tartu, baridi hasi kumi na tisa.
Urve Kallaste amenipigia simu mara mbili
na mara zote mbili amesema neno moja: "Nyeusi."

Napanda ngazi na bisibisi nisiyoihitaji.
Mezani pake skrini tatu mpya, pana kama milango ya kabati,
kila moja na pikseli zake milioni nane za kuringia,
na ndani ya kompyuta mpya ameifuga ya zamani,
mashine pepe, kompyuta isiyo na mwili,
maana programu yake ya kuchora mifereji ya vinamasi
ilikoma kukua mwaka ule mwanawe alipoanza shule,
na mwanawe sasa ana kipara.

Skrini ya kwanza: ramani ipo, ila maandishi
ni mayai ya chawa. Urve ameinama
hadi miwani imegonga kioo.
Ya pili: kinamasi kimevutwa, kimenenepa ubavuni.
Ya tatu nimeshaambiwa.

Naongeza ukubwa, asilimia mia mbili.
Sasa herufi zinafoka, vitufe vimevuka ukingo,
na nikibonyeza hapa, kunabonyea kule:
naugusa mto, inafutika barabara.
"Rudisha," anasema Urve. Narudisha.
Anakata mkate mweusi, anaweka samaki wa chumvi juu yake,
ananisogezea bila kunitazama.

Sisi mafundi kompyuta ya nje twaiita mwenyeji,
ya ndani mgeni.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema,
lakini mwenyeji huyu anahema kwa feni zote,
na mgeni, aliyestahili jembe siku ya tatu,
amelishika miaka sita,
amelima vinamasi vya wilaya nzima
wala hakuna aliyemwuliza amekula nini.

Namwuliza mimi. Nafungua mipangilio.
Kumbukumbu ya picha: megabaiti kumi na sita.
Kumi na sita!
Tumempa kijiko cha chai akakaushe ziwa,
kisha tunanung'unika kwamba ni mvivu.

Nazima. Napandisha hadi mia mbili hamsini na sita. Nawasha.
Ya tatu inapepesa kijani,
inafikiri,
inazimika.

"Kebo hii umeitoa wapi?"
"Ya skrini ya zamani. Imekatika?"
"Haijakatika."
"Basi."
Nalala chavali chini ya meza yake, vumbi puani,
na kwa kuwa maduka yamefungwa napunguza mwendo wa picha:
mara thelathini kwa sekunde, si sitini.
Inawaka. Kishale kinaburuza mguu, lakini kinafika.

Hapo ndipo programu inapogoma. Haisikii kipanya,
haisikii kibodi, inalia tu, ti, ti,
kama mtu aliyeuliza swali na bado anangoja.
Urve anageuka kushoto,
pale iliposimama skrini yake ya zamani,
pale penye chungu cha mdungusi sasa.
"Hulia hivi kila siku," anasema. "Huwa naizima."

Kushoto. Kushoto kwa kushoto kabisa.
Nabonyeza mshale wa kulia, mara arobaini, hamsini,
na kutoka upande wa mdungusi
kinaingia kidirisha kidogo, kijivu, polepole:
*Kuna kazi haikuhifadhiwa. Irejeshwe?*

Urve anabonyeza mwenyewe.
Mfereji mmoja, mita mia nne, kaskazini ya Hallikraavi.
Anausoma kwa kidole, toka mwanzo hadi mwisho.
"Nimeuchora mara nne," anasema.
"Kila nikirudi, haupo.
Nilishamwambia daktari kwamba ninasahau."

Sina la kusema, kwa hiyo nakula mkate.
Nje gari linakwangua theluji barabarani.
Skrini ya tatu bado inachechemea.
Kesho nitanunua kebo.